Kompyuta ya Kwanza ya Gemu: Nani Anamsubiri Nani Ndani ya Kasha?

Mpwa wangu alinitumia ujumbe saa nne usiku. "Shikamoo mjomba," kisha picha ya ukurasa wa daftari: Core i7, RAM ya GB 32, kadi ya michoro ya GB 4, pawa saplai ya wati 600, kasha la kioo lenye feni sita zinazobadilisha rangi. Muuzaji alishampigia hesabu, na jumla ilikaa ndani ya fedha alizozikusanya kwa zaidi ya mwaka kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Alitaka jibu moja tu, anunue au asinunue.

Nilimwambia asinunue mpaka tuonane. Kesho yake tulikwenda pamoja dukani, nikaomba kuvishika vitu vyenyewe. Ile i7 ilikuwa i7-2600, prosesa iliyotoka mwaka 2011. Kadi ya GB 4 ilikuwa GT 730, toleo la mwaka 2014 ambalo hata lilipokuwa jipya halikutengenezwa kwa ajili ya gemu nzito. Pawa saplai ilikuwa nyepesi mno, niliinyanyua kwa vidole viwili. Karibu kila namba kwenye ile karatasi ilikuwa ya kweli, na bado mashine ile ingemvunja moyo ndani ya wiki ya kwanza.

Ninaandika haya kwa ajili ya kijana mwingine mwenye daftari kama lile. Vifaa vya kompyuta huuzwa kwa namba, na muuzaji hukuonyesha ile iliyo kubwa. Namba moja ikisimama peke yake haikuambii mashine itafanya nini. Unachopaswa kukijua ni jinsi vipande vinavyosubiriana.

Chumba cha ushonaji

Fikiria chumba cha mafundi cherehani mwezi wa Desemba, oda za sare za shule zimejaa. Kuna wakataji wachache wenye ujuzi mkubwa: wanasoma vipimo, wanaamua, wanakata kitambaa. Nyuma yao wamekaa washonaji wengi, kila mmoja na mshono wake mdogo, wote wanashona kwa wakati mmoja. Mlangoni amesimama mteja anayebeba mashati kadiri yanavyokamilika.

Prosesa ndiyo mkataji. Ina viini vichache vyenye nguvu. Ryzen 5 5600, kwa mfano, ina viini 6. Inaamua mpira umeelekea wapi, adui amejificha nyuma ya ukuta gani, gari limegonga nini, kisha inakabidhi maelezo ya picha. Kadi ya michoro, ile ambayo vijana huiita GPU, ndiyo kile kikosi cha washonaji. RX 6600 ina viini vidogo 1,792, na kazi yao ni kukokotoa rangi ya kila nukta utakayoiona. Monita ndiyo mteja wa mlangoni: ya Hz 60 hupokea picha 60 kila sekunde, kwa hiyo kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kukatwa, kushonwa na kufikishwa. RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea, ni meza ya kukatia. SSD, diski ya kuhifadhia gemu na mafaili, ni stoo ya vitambaa.

Sasa weka mkataji hodari na washonaji wawili. Vitambaa vilivyokatwa vitarundikana sakafuni na mteja atasimama mlangoni akinung'unika. Geuza: weka washonaji wengi na mkataji aliyechoka. Cherehani zitakaa kimya zikimsubiri. Hali zote mbili mashati hutoka kwa mwendo wa yule aliye nyuma ya wenzake, na fedha uliyoitumia kwa wengine imekaa bure. Orodha ya mpwa wangu ilikuwa na meza ya kukatia kubwa mno, mkataji mzee, na mshonaji mmoja.

Watu huuliza uwiano sahihi ni upi. Hakuna uwiano mmoja, kwa sababu gemu hazifanani. Valorant na Counter-Strike 2 zina picha nyepesi lakini wachezaji wake hutaka fremu (picha) nyingi kwa sekunde, kwa hiyo mzigo humwangukia mkataji. Cyberpunk 2077, yenye mji mzima wa taa na vivuli, humwangukia mshonaji. Ndiyo maana nilimwomba mpwa wangu aandike gemu tatu anazotaka kuzicheza mwaka huu kabla ya kuandika jina la kifaa chochote. Akaandika EA Sports FC, GTA V na Valorant. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kuwa na maana.

Kioo kwanza, kadi baadaye

Kabla ya kadi, jua kioo chako. Monita ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400. Ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne kamili ya ile ya kwanza, na kila nukta lazima ishonwe upya mara 60 kwa sekunde. Kwa mfuko mdogo, baki kwenye 1080. Monita za ofisini za mtumba za inchi 22 au 24 zinatosha kabisa kuanzia. Angalia mambo mawili tu: isiwe ya 1600 kwa 900 inayouzwa kama "full", na iwe na tundu la HDMI au DisplayPort. Nyingi za zamani zina VGA peke yake, na kadi za siku hizi hazina VGA. Utajikuta unanunua kibadilishi ambacho hukukipangia bajeti.

Sasa kadi yenyewe. Hapa ndipo fedha nyingi iende. Mimi hutenga kati ya shilingi 35 na 40 za kila shilingi 100 kwa ajili yake.

Ugonjwa mkubwa madukani ni kuipima kadi kwa GB. Chukua kadi mbili, zote za GB 4: GT 730 yenye kumbukumbu ya aina ya DDR3 na njia ya biti 64, na GTX 1650 ya mwaka 2019. Ya kwanza husafirisha data kati ya kumbukumbu na viini vyake kwa GB 14.4 kwa sekunde. Ya pili, ile ya GDDR5, husafirisha GB 128 kwa sekunde, karibu mara tisa. GB ni ukubwa wa kabati. Hazikuambii mlango wake una upana gani, wala ndani kuna washonaji wangapi. Muuzaji akikwambia "hii ni ya GB 4," muulize jina lake kamili, uandike, ukalitafute video za majaribio ukiwa umetulia nyumbani.

Kwa 1080, ngazi ya kwanza ninayoiheshimu ni hiyo GTX 1650. Haili zaidi ya wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Itacheza gemu zote tatu za mpwa wangu, kwa mipangilio ya chini au ya kati pale inapobidi. Juu yake kuna RX 580 ya GB 8, kadi ya mwaka 2017 iliyojaa sokoni baada ya wachimbaji wa sarafu za kidijitali kuzitupa. Ina nguvu kwa bei yake, lakini hula wati 185, joto lake kwa hewa ya Dar es Salaam ni kero, na kuna toleo liitwalo 2048SP lenye viini 2,048 badala ya 2,304 linalouzwa kwa jina lilelile. Kisha kuna RX 6600, ya Oktoba 2021, GB 8, wati 132. Kama mfuko unaifikia, ya mtumba au mpya, simama hapo. Kwa miaka kadhaa sijaona kadi nyingine iliyomfaa kijana wa 1080 kwa bei yake kama hii.

Kwa nini nasisitiza umri wa kadi? Gemu zimeanza kudai vitu ambavyo kadi za zamani hazina kabisa. Indiana Jones and the Great Circle, ya Desemba 2024, inataka kadi yenye uwezo wa kukokotoa miali ya mwanga ndani ya maunzi yake, na upande wa AMD, kampuni ya kadi za RX, kiwango cha chini kilichotajwa ni hiyohiyo RX 6600. Halafu kuna draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. NVIDIA, kampuni ya kadi za GT, GTX na RTX, ilitoa draiva za mwisho za gemu kwa kizazi cha GTX 1050 Ti na 1060 Oktoba 2025. Kuanzia hapo ni viraka vya usalama tu. GTX 1650 ni ya kizazi kilichofuata, bado inahudumiwa. Ukiona 1050 Ti imeshuka bei ghafla, sababu mojawapo ni hiyo.

Kuna msaada mmoja wa bure ambao wengi hawautumii. Gemu nyingi mpya zina FSR, njia ya AMD inayochora picha kwa nukta chache kisha kuikuza kwa ustadi hadi ijaze kioo. Matoleo yake ya awali hufanya kazi hata kwenye kadi za NVIDIA. DLSS ya NVIDIA hutoa picha safi zaidi lakini inataka kadi ya RTX. Kwa mwenye kadi ndogo, FSR inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya fremu 38 na fremu 55.

Jina la prosesa lisomwe mpaka herufi ya mwisho

Neno "i7" limewaponza wengi. Namba inayofuata ndiyo yenye habari. Ile i7-2600 ina viini 4 na nyuzi 8, yaani kazi 8 inazoweza kuzishughulikia kwa pamoja. Core i3-12100F ya mwaka 2022 nayo ina viini 4 na nyuzi 8, ni "i3" tu kwa jina, na inaiacha mbali sana kwa sababu kila kiini chake hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo la saa. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ni kizazi: 2600 ni kizazi cha 2, 8500 cha 8, 12100 cha 12. Anza na kizazi, kisha ndipo uulize i3 au i7.

Kisha herufi ya mwisho. F upande wa Intel, kampuni ya prosesa za Core, maana yake prosesa haina michoro ya ndani. Bila kadi, kioo kitabaki cheusi. Upande wa Ryzen, prosesa za AMD, kwa zile za soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4 ni kinyume: 5600 tupu haina michoro, 5600G inayo. Nimewahi kuitwa kutengeneza kompyuta "iliyokufa" ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Mwenyewe alinunua prosesa ya F na kupanga kununua kadi mwezi ujao.

Kwa bajeti ndogo, mimi hupendelea Ryzen 5 5600 kwenye AM4. Ina viini 6 na nyuzi 12, ilitoka Aprili 2022, na huja na kipozea chake ndani ya boksi. AM4 ilianza mwaka 2016, kwa hiyo mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) na RAM zake za DDR4 zimejaa mitumbani. AM5 iliyoifuata mwaka 2022 inakubali DDR5 pekee, na hapo gharama ya kuanzia hupanda. Usichanganye na Ryzen 5 5500, inayofanana nayo kwa viini lakini ina nusu ya kumbukumbu ya ndani, MB 16 dhidi ya MB 32, na kwenye gemu tofauti hiyo huonekana.

Mazabodi haiongezi fremu. B450 au B550 ya kawaida yenye matundu manne ya RAM inatosha. Ila B450 zilitoka kabla ya Ryzen 5000, na ya zamani ambayo BIOS yake (programu ya kuwashia mashine) haijasasishwa haitaitambua 5600. Mwambie fundi aiwashe mbele yako ikiwa na prosesa yako ileile.

RAM nitaieleza kwa ufupi: GB 16, kwa vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Vipande viwili hufungua njia mbili za kupitishia data kwa pamoja. Kwenye mazabodi yenye matundu manne, vichomeke kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM mwendo wake kamili, maana RAM ya 3200 huweza kukimbia kwa 2133 au 2400 mpaka uiruhusu. Bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda viliuelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, hivyo usishangae hesabu uliyoipata kwa rafiki mwaka mmoja nyuma isilingane na ya leo. Kama GB 16 hazikamatiki, anza na mbili za GB 4 kuliko kuiua bajeti ya kadi.

SSD ya SATA husoma takriban MB 550 kwa sekunde, ya NVMe ya kizazi cha 3 hadi 3,500 hivi. Ukishatoka kwenye diski ngumu (hard disk), tofauti ya hizo mbili kwenye gemu ni ndogo. Chukua GB 500 ya yoyote. Na hapa kuna gharama ambayo video za Wazungu haziitaji: gemu moja kubwa huzidi GB 100, nawe unanunua bando. Steam, duka la gemu la mtandaoni, inaruhusu kunakili gemu unayoimiliki kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao wa ndani tangu mwaka 2023, na kuhifadhi nakala kwenye diski ya nje. Ukiwa na rafiki mwenye gemu ileile, kaeni jirani jioni moja, mtaokoa fedha ya kipande kizima cha RAM.

Rahisi huvunja upishi

Nafika kwenye kifaa ambacho sitamruhusu ndugu yangu yeyote akibane. Mashine yangu ya kwanza niliiwekea pawa saplai ya bei ya chini kabisa dukani, kwa sababu haikuonekana na haikuongeza fremu. Jioni moja umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi. Mara ya tatu nilisikia mlio mkavu, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua. Mazabodi ilikwenda nayo, na diski ngumu iliyokuwa na picha za arusi ya dada yangu ikaenda. Picha zile hazikurudi.

Vifaa vingine vikifa hufa peke yake. Pawa saplai imeshikana na kila kitu ndani ya kasha, na ikifa vibaya huondoka na wenzake.

Usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Tafuta jedwali dogo la namba, kwenye safu ya +12V, maana prosesa na kadi hula kutoka laini hiyo. Ile ya mpwa wangu iliandikwa wati 600, lakini safu ya +12V ilisema ampea 16. Zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Nyingine zote zilihesabiwa kwenye laini ambazo gemu haizigusi. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 huonyesha ampea 38 hadi 41 kwenye +12V.

Alama ya 80 Plus inasaidia, lakini ielewe. Inapima ufanisi, kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaotoka ukutani unafika kwenye vifaa. Haipimi ulinzi. Kwa ulinzi, soma kama boksi linataja kinga ya volti kuzidi, mkondo kuzidi na shoti, na kama inakubali volti 100 hadi 240 bila kubadilisha kitu. Zile zenye kiswichi chekundu nyuma cha 115 na 230 zinahitaji uangalifu. Kikikaa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye soketi yetu ya volti 230, imekwisha.

Unahitaji kiasi gani? Kadi ya wati 132, prosesa inayofika 76, na takriban 50 kwa vingine: jumla karibu 260. Wati 450 za kweli zinatosha, 550 zinakuachia nafasi ya kupanda. Kwa mzazi anayeuliza kuhusu LUKU, wati 260 kwa saa tatu za kucheza ni uniti 0.78, monita haijahesabiwa.

UPS, betri ya dharura ya kompyuta, nayo ni sehemu ya mashine kwa maeneo yenye umeme wa kukatika. Ile ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390, na kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Usiipangie kucheza nayo gizani.

Kama mfuko ni nusu ya huo

Kuna vijana ambao hata hesabu hiyo iko mbali, nao wana njia. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine za ofisini za kizazi cha 6 na 7, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zinaondolewa maofisini huko nje, nyingi huishia kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue. Kwa gemu, nakusihi uongeze kidogo ufike kizazi cha 8. Core i5-8500 ina viini 6, wakati i5-6500 ina 4 tu na nyuzi 4. Pia Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya mashine, na kizazi cha 8 hakitakusumbua kwa hilo.

Nunua lile kasha la mnara, si jembamba. Kasha jembamba hukubali kadi fupi za nusu kimo tu, ambazo ni chache na ghali. OptiPlex 7050 jembamba lina pawa saplai ya wati 180, la mnara 240, na viunganishi vyake si vya kawaida, kwa hiyo huwezi kuchomoa na kuweka ya dukani bila kibadilishi. Kutokana na hayo, kadi yako ni lazima iishie kwenye wati 75 zinazotolewa na tundu la mazabodi. Maana yake ni GTX 1650 isiyo na waya wa ziada, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 na kula wati 70. Jihadhari na RX 6400. Inavutia kwa wati zake 53, lakini hupitisha data kwenye njia 4 tu za PCIe, tundu linaloiunganisha kadi na mazabodi, na mashine hizi za ofisini zina PCIe ya kizazi cha 3, yenye nusu ya mwendo ambao kadi hiyo ilitengenezewa. Itakuangusha pale gemu inapojaza kumbukumbu yake.

Njia ya pili ni kujenga AM4 yako kwa Ryzen 5 5600G bila kadi, ukacheza kwa michoro yake ya ndani, ukanunua RX 6600 baadaye. Hapo vipande viwili vya RAM ni lazima, kwa sababu michoro ya ndani haina kumbukumbu yake. Inakopa meza ya mkataji. Valorant inakwenda vizuri, GTA V inakwenda kwa kushusha mipangilio. Ubaya wake ni ile MB 16 ya kumbukumbu ya ndani, kwa hiyo hata baada ya kuweka kadi utabaki nyuma ya mwenye 5600 tupu kwa kiasi fulani. Kwa mwenye subira ya miezi sita, mimi ningeichagua hii kuliko OptiPlex.

Dukani, kabla fedha haijatoka mkononi

Kadi ya mtumba ijaribiwe ikiwa kwenye mashine, si kwenye meza. Nenda na flashi yenye programu mbili: GPU-Z ya kuitambua kadi na FurMark ya kuipa mzigo mzito. GPU-Z hutambua kadi nyingi za NVIDIA zilizobandikwa jina la uongo, na huandika wazi kwamba ni feki. Kuna GTS 450 za zamani zilizogeuzwa jina kuwa GTX 1050 Ti. FurMark iendeshe dakika 15 huku ukiangalia joto na kusikiliza feni. Michirizi ya rangi ikionekana kwenye kioo, shukuru na uondoke. Angalia skrubu kama zimekwaruzwa, na upande wa pwani tazama kutu kwenye matundu ya HDMI, maana chumvi ya hewani hutangulia kuonekana hapo. SSD isiyo na jina ijaze faili kwa programu ya H2testw inayopima ukubwa wake halisi. Zipo zinazojitangaza GB 500 ilhali ndani zina sehemu ndogo tu ya hizo.

Muuzaji mwaminifu hatakataa majaribio haya. Kama atakataa, mtaa una maduka mengine.

Mpwa wangu aliliacha lile kasha la feni sita kwa shida, sitaficha. Tulichukua la bati lenye matundu mbele na feni mbili, moja ikivuta hewa, moja ikitoa. Tulipata 5600, B450, vipande viwili vya GB 8, SSD ya SATA, pawa saplai mpya ya wati 550 na RX 6600 ya mtumba iliyopita dakika 15 zake bila kutikisika. Monita ilikuwa ya zamani ya baba yake, ya HDMI.

Tuliiunganisha sebuleni kwao Jumapili mchana. Mara ya kwanza kioo hakikuwaka, akanitazama kwa hofu. Alikuwa amechomeka HDMI kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi, kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Tukahamisha waya. Usiku ule, GTA V ikiwa imefunguliwa, tulibonyeza Ctrl, Shift na O kuona vipimo vya AMD pembeni mwa kioo: kadi asilimia 97, prosesa asilimia 54, joto nyuzi 71. Akaniuliza hapo anayesubiriwa ni nani. Nikamwachia asome mwenyewe. "Mshonaji," akasema, "lakini anashona kweli," akaendelea kuendesha.